Kabla ya Hija ya Quito: Maisha ya Mtakatifu Mariana wa Yesu

Tangu Kongamano la 53 la Ekaristi Takatifu Kimataifa lilipoadhimishwa mjini Quito, nchini Ecuador, mwezi Septemba 2024, wapo miongoni mwetu wanaotamani siku moja kuhiji katika mji ule wa milimani. Maswali yao ni yale ya kila safari: nauli, viza, majira ya mvua, na iwapo kifua cha mtu mwenye umri mkubwa kitastahimili hewa nyepesi ya milima ya Andes. Ni maswali ya haki, nasi tutayagusa. Hata hivyo tumeona vema kuyatanguliza maisha ya binti mmoja wa mji huo, kwa maana hujaji asiyemfahamu ataziona kuta na dhahabu za Quito, kisha atarudi nyumbani bila kujua hasa alikwenda kumtembelea nani. Huyo ni Mtakatifu Mariana wa Yesu, ambaye jina lake kamili ni Mariana de Jesús de Paredes y Flores. Watu wa Quito humwita yungiyungi la mji wao.

Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo mtu anayefunga sanduku la safari atalitafakari kwa namna ya pekee. Mtakatifu huyu, ambaye leo watu huvuka bahari kwenda kusali penye masalia yake, mwenyewe aliwahi kupanga safari zaidi ya mara moja, na zote zilivunjika. Aliishi miaka 26 na kufariki katika mji uleule alimozaliwa.

Quito umejengwa katika bonde jembamba na refu, mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya volkano ya Pichincha. Wale kati yetu waliowahi kuupanda Kilimanjaro wajue kwamba urefu huo unazidi kidogo ule wa kituo cha Mandara, mahali ambapo wapandaji hulala usiku wa kwanza. Ikweta inapita kaskazini mwa mji, mstari uleule unaopita Nanyuki nchini Kenya na Kayabwe nchini Uganda, lakini anayedhani atakuta joto la Ikweta atajuta kuacha sweta nyumbani. Wahispania waliuanzisha mji wao hapo tarehe 6 Desemba 1534, juu ya majivu ya mji wa Wainka, ambao jemadari Rumiñahui alikuwa ameuteketeza kwa moto kuliko kuwaachia wageni. Muda mfupi baadaye Wafransisko, wakiongozwa na padre Jodoco Ricke kutoka Flandria, walianza kujenga konventi ya Mtakatifu Fransisko, ambayo bado inatawala uwanja mkubwa wa mji wa kale. Ni katika mji huo wa makanisa, wenye mabwana wachache matajiri na wenyeji wa asili wengi waliofanyishwa kazi ngumu, kwamba Mariana alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1618.

Baba yake alitoka Toledo, nchini Hispania. Mama yake alikuwa wa ukoo wenye heshima uliozaliwa katika nchi hizo mpya. Mariana alikuwa kitinda mimba kati ya watoto wanane. Yote ambayo familia ya namna hiyo ingeweza kumpatia binti yalikuwapo: nyumba kubwa, watumishi, jina zuri, na bila shaka ndoa ya heshima wakati wake ukifika. Lakini wazazi wote wawili walifariki angali mtoto mdogo, naye akalelewa na dada yake mkubwa, Jerónima, pamoja na shemeji yake, Kapteni Cosme de Caso. Dada alikuwa na mabinti wa rika moja na mdogo wake, hata Mariana akakua na wapwa wake kama mtu akuavyo na ndugu wa tumbo moja. Tunalitaja hili kwa sababu yatima wengi katika parokia zetu wamelelewa hivyohivyo, na dada aliyebeba mzigo wa mama hapati daima shukrani anazostahili. Jerónima hakutangazwa mtakatifu, ila mtakatifu alikulia mikononi mwake.

Watoto wale walicheza michezo ya ibada, kuandamana na kusali Rozari, kama wanavyocheza watoto wa nyumba za sala popote. Kwa Mariana mchezo ulikuwa jambo la dhati. Akiwa na umri wa miaka minane hivi aliruhusiwa kupokea Komunyo ya kwanza, baada ya Padre Juan Camacho wa Shirika la Yesu kumhoji na kustaajabia uelewa wake. Msomaji asipite hapa haraka. Siku hizi umri huo hautushangazi, lakini hati ya Papa Pius X iliyowafungulia watoto wadogo meza ya Bwana ilitolewa mwaka 1910 tu. Katika karne ya 17 watoto walisubiri miaka mingi zaidi, na mtoto wa umri huo kukubaliwa lilikuwa jambo la nadra.

Ndipo zilipoanza safari zile zisizofika. Kule mashariki ya milima, ambako mito hushuka kuelekea Amazon, waliishi watu walioitwa Mainas, na habari zao zilifika Quito na kuwasha mioyo ya wengi. Mariana alikata shauri na wasichana wenzake watoroke nyumbani waende kuwahubiria Injili. Mpango ukagundulika, nao wakazuiwa. Baadaye alibuni mwingine: kupanda kwenye miteremko ya Pichincha na kuishi huko kama wakaa pweke, katika sala na ukimya. Huo nao ulivunjika. Tukiwa wazazi tunaweza kutabasamu, tena kwa haki, kwa maana mtoto anayeondoka usiku kwenda msituni au kwenye volkano anahitaji kurudishwa kitandani. Lakini chini ya utoto ule kulikuwa na swali ambalo halikumwacha hata alipokuwa mtu mzima: ni wapi mtu aende ili ampe Mungu kila kitu?

Jamaa zake walipoona hivyo walifikiri jibu ni monasteri. Quito haukukosa nyumba za watawa, na binti wa ukoo kama ule angepokelewa kwa furaha. Maandalizi yalifanyika, yakakwama. Yakafanyika tena, yakakwama tena. Kwa ushauri wa waungamishi wake, Mariana akatambua kwamba mahali alipopatafuta palikuwa ni palepale alipokuwa. Alikwisha kuweka nadhiri za binafsi za ufukara, usafi wa moyo na utii. Sasa alitengewa vyumba katika nyumba ya dada yake, akaishi humo kama mtawa bila kuta za monasteri. Mbele yake alikuwa na mfano ulio hai: Rosa wa Lima, aliyefariki mwaka 1617, mwaka mmoja tu kabla Mariana hajazaliwa, naye pia alimtumikia Mungu katika nyumba ya wazazi wake. Baadaye Mariana aliingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ingawa maisha yake yote ya kiroho aliongozwa na Wayesuiti. Hadi leo familia zote mbili humhesabu kuwa wao, nasi hatuna sababu ya kuamua ugomvi huo wa upendo.

Siku zake zilifuata ratiba kali. Aliamka kabla ya alfajiri kwa sala. Kisha alitoka kwenda katika kanisa la Shirika la Yesu, ambalo watu wa Quito huliita La Compañía, akashiriki Misa Takatifu na kupokea Ekaristi. Njia ilikuwa ileile kila siku, mtaa mmoja ulionyooka, uliokuja kujulikana kama Mtaa wa Misalaba Saba kwa sababu ya misalaba ya mawe iliyosimama mbele ya makanisa yake. Baada ya Misa alirudi nyumbani. Tukiwaambia mahujaji kwamba safari ndefu kuliko zote alizozizoea mtakatifu huyu ilikuwa ya dakika chache kwa miguu, hatutii chumvi.

Mlango wa nyumba yake, hata hivyo, haukufungwa. Maskini waligonga, naye aliwapa mkate, mara nyingi ule uliowekwa kwa ajili yake mwenyewe. Aliwafundisha watoto sala na katekisimu, wakiwemo watoto wa wenyeji wa asili, ambao katika jamii ile hawakuhesabiwa kuwa kitu. Aliwafariji wagonjwa na kuwapatanisha waliogombana. Mkabala wa nyumba yao ilikuwapo hospitali ya mji, iliyoanzishwa mwaka 1565, hivi kwamba mateso ya watu hayakuwa habari za mbali kwake; alifungua dirisha akayaona. Wanaosimulia maisha yake huongeza jambo ambalo tunalipenda: alikuwa na gitaa, akalipiga na kuimba nyimbo kwa ajili ya Bwana. Picha za watakatifu wenye nyuso za huzuni zimetuzoesha vibaya, ndiyo maana gitaa lile linafaa kukumbukwa.

Katika safari yake ya ndani alisaidiwa sana na bruda mmoja wa Kiyesuiti, Hernando de la Cruz, mzaliwa wa Panama, aliyekuwa mchoraji kabla na baada ya kuwa mtawa. Hakuwa padre. Aliwafundisha vijana wa Quito kuchora, wenyeji wa asili miongoni mwao, na kwa ajili ya La Compañía alichora picha mbili kubwa, ya jehanamu na ya hukumu ya mwisho. Anayeingia kanisani humo leo huzikuta karibu na mlango, ingawa zinazoonekana sasa ni nakala zilizochorwa mwaka 1879. Wakleri walimheshimu bruda yule kuwa mwalimu wa sala, na kwa miaka mingi Mariana alimfungulia roho yake. Makatekista wetu na viongozi wa jumuiya ndogondogo, ambao wakati mwingine hujiona si kitu kwa kuwa hawana daraja takatifu, wamkumbuke bruda yule mwenye brashi.

Tunafika sasa mahali pagumu, na hatuoni busara kupapita kwa kunyamaza, maana hujaji atakutana napo katika picha na katika maelezo ya waongozaji. Mariana alijitesa mwili kwa namna inayotutisha. Alifunga hata afya yake ikaharibika. Alivaa miiba, alijipiga mijeledi, alilala kidogo mno. Chumbani mwake aliweka jeneza, na nyakati nyingine alilala ndani yake ili akumbuke kifo. Tusemeje? Tunaweza kusema kwamba zama zile zilikuwa na lugha yake ya toba, na kwamba binti aliyezaliwa katika nyumba ya starehe, akizungukwa na watu walioteseka bila kuchagua, alitaka kushiriki mateso ya Kristo kwa mwili wake. Hilo linatusaidia kuelewa. Lakini hatusemi kwamba ni mfano wa kuigwa, wala Kanisa halikumtangaza kuwa mtakatifu kwa sababu ya miiba. Kanisa hupima fadhila za imani, matumaini na mapendo, na kila toba ya mwili inayofanywa bila kibali cha kiongozi wa kiroho na bila kujali afya ni hatari kwa roho yenyewe. Kijana anayesoma haya achukue kwa Mariana ule mkate uliotoka kinywani mwake na kwenda kwa mwenye njaa. Mengine ayaache katika karne ya 17.

Mwaka 1645 ulikuja na msiba. Tetemeko kubwa la ardhi liliharibu eneo la Riobamba, kusini mwa Quito, na mitetemeko ikaendelea kuusumbua mji mkuu. Wakati huohuo maradhi ya surua na dondakoo yaliingia katika nyumba za Quito, yakaua maelfu ya watu, na kama ilivyo kawaida ya maradhi, yalianza na wale wasio na chakula wala nafasi. Watu walijaa makanisani. Dominika ya nne ya Kwaresima, tarehe 26 Machi, Padre Alonso de Rojas, mmoja wa Wayesuiti waliomwongoza Mariana, alihubiri katika La Compañía. Katika mahubiri hayo alimtolea Mungu uhai wake mwenyewe ili mji usalimike. Mariana alikuwa ameketi miongoni mwa waamini. Akasimama, akasema mbele ya wote kwamba uhai wa padre bado unahitajika na watu, na kwamba yeye anautoa wake badala ya ule.

Tutafakari kidogo hali ya kanisa lile. Mwanamke kijana, asiye mtawa wa monasteri yoyote, anasimama katikati ya mahubiri na kumjibu padre. Sidhani kuna mtu aliyekuwa tayari kwa hilo, hata padre mwenyewe. Siku hiyohiyo Mariana alirudi nyumbani akiwa mgonjwa, akalala, na hakuinuka tena kama awali.

Waamini wengi huuliza hapa kama Mungu alikuwa anadai damu ya mtu ndipo aizuie ardhi kutikisika. Jibu letu ni hapana, na tunalitoa kwa sauti. Leo twajua kwamba pwani ile ya Amerika ya Kusini hutikisika kwa sababu sakafu ya bahari hujisukuma chini ya bara, na kwamba surua huenezwa na virusi. Watu wa wakati ule waliona katika maafa hayo adhabu, lakini Bwana wetu mwenyewe, alipowataja wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wengine. Sadaka ya Mariana tunaielewa vizuri zaidi tukiiweka karibu na ile sura ya 15 ya Injili ya Yohane, ambapo Yesu anazungumza juu ya upendo wa anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Mji ulikuwa unakufa kwa hofu, kila mmoja akijitafutia usalama wake, na mmoja akasimama akasema kwamba yuko tayari kuwa wa mwisho kuokolewa. Katika miaka ya karibuni sisi pia tumepita katika janga. Tuliwaona wauguzi na mapadre walioingia vyumba ambavyo wengine walivikimbia. Tulijua wakati ule, bila kufundishwa na mtu, kwamba jambo walilofanya lilikuwa takatifu, na hatukumdhania Mungu kuwa katili kwa sababu yake.

Mapokeo ya Quito yanasema kwamba mitetemeko ilikoma tangu siku ya sadaka ile, na maradhi yakaanza kupungua baadaye. Sisi tunayapokea kama ushuhuda wa watu waliokuwapo, waliofiwa na kuzika, na walioamini kwamba walikombolewa. Mariana alifariki siku ya Ijumaa tarehe 26 Mei 1645, miezi miwili kamili baada ya kusimama kanisani. Umati uliofika kwenye mazishi yake ulikuwa mkubwa, na watu waligombea vipande vya nguo zake. Padre Alonso de Rojas, yule ambaye uhai wake ulibadilishwa na wa binti huyu, ndiye aliyehubiri katika ibada ya maziko. Hatujui mzigo aliopanda nao mimbarini siku ile ulikuwa na uzito gani, lakini padre yeyote aliyemzika mwanaparokia mdogo kuliko yeye anaweza kukisia.

Lile jina la yungiyungi lilitokana na kisa cha wakati wa ugonjwa wake. Matabibu wa siku hizo waliwatoa wagonjwa damu wakidhani ni tiba, na Mariana alitolewa damu mara nyingi. Mtumishi wa nyumbani aliimwaga bustanini. Yasimuliwa kwamba mahali pale palichipua yungiyungi jeupe. Hivyo Mtakatifu Mariana huchorwa akiwa na maua hayo, na kitabu mashuhuri cha maisha yake kilichoandikwa na Myesuiti Jacinto Morán de Butrón kilipewa jina kutokana na ua hilo.

Yaliyofuata tutayasema kwa ufupi. Uchunguzi wa kwanza wa maisha yake ulifunguliwa Quito mwaka 1670. Papa Pius IX alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1853, na Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu katika Mwaka Mtakatifu wa 1950. Ndiye wa kwanza kutoka Ecuador kupewa heshima hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1946, taifa lenyewe lilikuwa limemtangaza kuwa shujaa wake, heshima ambayo mataifa huwapa zaidi majemadari. Mwaka 1873 Mercedes de Jesús Molina alianzisha katika Riobamba, mji wa eneo lilelile lililoharibiwa na tetemeko la 1645, shirika la masista linaloitwa kwa jina la Mtakatifu Mariana, kwa ajili ya yatima na wasichana waliotupwa. Mama huyo naye alitangazwa Mwenyeheri na Papa Yohane Paulo II mwaka 1985. Mtoto aliyezuiwa kwenda mbali kuhubiri amepata hivyo mabinti waliokwenda kwa niaba yake.

Na ile nyumba? Mwaka 1653 Wakarmeli walifika Quito kutoka Lima, na baadaye wakapewa nyumba ya Mariana wafanye monasteri yao. Huitwa Carmen Alto. Sehemu yake sasa ni makumbusho, lakini watawa bado wanaishi humo katika ukimya, kwa hiyo mgeni ajue kwamba anaingia nyumba ya sala yenye wenyewe. Mariana aliyekosa monasteri mara mbili aliacha nyuma yake nyumba iliyogeuka kuwa monasteri.

Kwa wale wanaopanga kwenda, tungeshauri haya. Sikukuu yake ni tarehe 26 Mei, na anayeweza kuipanga safari yake iangukie siku hiyo atasali pamoja na watu wa Quito wenyewe. Mei bado huweza kuwa na mvua. Miezi ya ukavu zaidi ni Juni hadi Septemba. Wapo wanaopendelea Juma Takatifu, kwa sababu ya maandamano makubwa ya Ijumaa Kuu yanayotoka katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, ambapo maelfu ya watubuji huvaa kanzu za zambarau na kufunika nyuso, na kwa sababu ya fanesca, mchuzi mzito wa nafaka na kunde za kila aina pamoja na samaki mkavu, ambao familia hupika katika siku hizo tu. Masuala ya viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano yaulizwe mapema kwa mamlaka zinazohusika, maana kanuni hutofautiana kwa uraia na kwa njia unayopita. Fedha inayotumika Ecuador ni dola ya Marekani. Tofauti ya saa na Afrika Mashariki ni saa nane: tunapoanza Misa ya saa kumi na mbili asubuhi, kule ni saa nne usiku wa siku iliyotangulia.

Kuhusu urefu wa mji, tunawasihi hasa wazee na wenye maradhi ya moyo, mapafu au shinikizo la damu wamwone daktari kabla ya kukata tiketi. Siku mbili za kwanza ziwe za kupumzika, kunywa maji ya kutosha na kula chakula chepesi. Kichwa kinaweza kuuma na pumzi kukatika kwa kupanda ngazi kumi tu; mara nyingi hali hiyo hupungua yenyewe, lakini ikizidi, tafuta tabibu badala ya kujikaza. Jua la mchana huchoma kuliko linavyohisiwa, na jioni baridi huingia ghafla. Na kwa kuwa kule watu husali kwa Kihispania, ni vema kila hujaji ajifunze walau Baba Yetu na Salamu Maria kwa lugha hiyo. Utashangaa jinsi bibi aliyekaa pembeni yako kwenye benchi atakavyokupokea ukijibu sala pamoja naye.

La Compañía itawashangaza. Ujenzi wake ulianza mwaka 1605 na ukakamilika mwaka 1765, na ndani kila nguzo, kila tao, dari lote limefunikwa kwa jani la dhahabu. Wengi hutoka wakizungumzia dhahabu tu. Ikumbukwe kwamba Mariana hakuliona kanisa hilo jinsi lilivyo leo. Alisali katika kanisa ambalo mafundi bado walikuwa kazini, na sehemu kubwa ya mapambo hayo ilikuja baada ya kifo chake. Masalia yake yamewekwa chini ya altare kuu. Nje ya saa za Misa watalii hulipa kiingilio, kwa hiyo anayetaka kusali zaidi ya kutazama aangalie ratiba ya Misa na aende mapema.

Tungependa ziara hiyo ifanywe kwa mpangilio huu. Anzeni asubuhi Carmen Alto, kwenye bustani inayotajwa katika kisa cha yungiyungi. Tokeni mlangoni, mtazame upande wa pili ilipokuwa hospitali, ambayo sasa ni makumbusho ya mji. Kisha shikeni mtaa kuelekea La Compañía bila kupanda gari, polepole kwa sababu ya hewa, mkisali Rozari. Mafungu mawili hayatakuwa yamekwisha kabla hamjafika mlangoni.